Shajara ya mradi: kinu cha gololi na prazikwanteli, Kigoma

Septemba. Tunachokitafuta

Prazikwanteli ndiyo dawa ya kichocho katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, na ni dawa inayokataa maji. Kiwango chake cha kushiba majini huandikwa karibu miligramu 0.4 kwa mililita katika nyuzi 25, na vipimo vingine vinatoa chini ya hapo. Kidonge kimoja kina miligramu 600. Mtu wa kilo 60 akipewa miligramu 40 kwa kila kilo anameza vidonge 4, yaani miligramu 2,400. Gawanya kwa glasi ya maji ya mililita 250: miligramu 9.6 kwa mililita, mara 24 ya kile ambacho maji hayo yanaweza kubeba. Katika mgawanyo wa dawa uliotolewa na Gordon Amidon na wenzake mwaka 1995, prazikwanteli iko kundi la pili: haiyeyuki vizuri, lakini ikishayeyuka inapenya ukuta wa utumbo bila shida.

Tunataka kujua kama kuisaga kwa kinu cha gololi kunaisaidia kuyeyuka. Kusaga kunasaidia wapi hasa? Kanuni ya Noyes na Whitney ni ya mwaka 1897 na bado ndiyo tunayoanzia: kasi ya kuyeyuka inategemea eneo la uso wa chembe, na inategemea pia nafasi iliyobaki kati ya kilichokwisha kuyeyuka na kiwango cha kushiba. Kinu kinagusa eneo la uso. Kwa uzito mahususi wa karibu 1.22, gramu moja ya chembe za mikromita 50 ina uso wa meta za mraba 0.1 hivi. Ukizisaga hadi mikromita 5 inakuwa 1. Ukifika mikromita 0.3 inakuwa 16. Hilo si jambo dogo. Griseofulvini, dawa ya fangasi, ilipoanza kusagwa laini dozi yake ilishuka kutoka gramu 1 hadi nusu gramu.

Kiwango cha kushiba chenyewe ni habari nyingine. Chembe ikiwa ndogo sana uso wake uliopinda huisukuma iyeyuke zaidi, ila athari hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Tumepiga hesabu kwa kukadiria nguvu ya uso kuwa milijuli 30 kwa meta ya mraba: chembe ya mikromita 5 inapata nyongeza isiyofika hata nusu asilimia, na chembe ya mikromita 0.2 inapata karibu asilimia 6. Kwa hiyo anayesaga dawa peke yake anaongeza kasi. Kiwango hakisogei, isipokuwa fuwele yenyewe ibadilike au ivunjike kabisa. Mradi huu una maswali mawili, kasi na kiwango, na kila kundi la unga tunalipima kwa yote mawili bila kuyachanganya.

Jambo la kuweka wazi tangu mwanzo: unga unaotoka kwenye kinu hiki ni wa kupimwa tu. Haumezwi na mtu, haupewi mifugo, na ukimaliza kupimwa unateketezwa.

Septemba mwishoni. Kupata dawa safi

Unga safi wa dawa unaagizwa Dar es Salaam na unachelewa, kwa hiyo makundi ya kwanza tumeyatoa kwenye vidonge vilivyonunuliwa duka la dawa. Vidonge vya kampeni za shuleni havihusiki na havipaswi kuhusika, hata vikiwa vimepitwa na muda.

Vidonge 100 vina gramu 60 za dawa. Visage kwenye kinu cha mkono, weka kwenye bika ya lita 1, mimina mililita 700 za ethanoli ya asilimia 95, pasha kwenye maji moto hadi nyuzi 50 na ukoroge nusu saa. Prazikwanteli huyeyuka karibu gramu 97 kwa lita ya ethanoli katika nyuzi 25, kwa hiyo ujazo huo unatosha na ziada. Wanga, selulosi na magnesiamu stearati vinabaki chini kwa sehemu kubwa. Chuja kukiwa bado na joto. Joto litoke kwenye bafu la maji la umeme. Moto wa wazi na ethanoli havikai chumba kimoja.

Kosa ambalo lingekuwa rahisi kulifanya hapa ni kukausha ethanoli yote na kuita kilichobaki dawa. Vidonge vingi hubeba povidoni kama gundi na sodiamu lauri salfeti kama kilowesho, na vyote viwili vinaifuata dawa ndani ya ethanoli. Ukianza jaribio na dawa ambayo tayari ina kilowesho, kila matokeo mazuri yatakuwa yake. Kwa hiyo punguza ethanoli hadi mililita 200, kisha mimina maji yaliyotoneshwa mililita 600 polepole huku ukikoroga. Dawa inashuka kama theluji nyeupe ya sindano, povidoni na lauri salfeti vinabaki majini. Chuja, osha mara tatu kwa maji baridi, kausha kwenye oveni nyuzi 60 usiku kucha.

Uthibitisho wa kwanza ni kiwango myeyuko: kinatakiwa kiangukie kati ya nyuzi 136 na 142. Kikianza mapema na kuburuta, rudia kuosha. Uthibitisho wa pili ni wa bure: tikisa kijiko kidogo cha unga kwenye maji. Povu likibaki juu baada ya dakika 5, kilowesho bado kipo.

Oktoba. Kinu

Tumetengeneza kinu cha kuviringisha: mitungi miwili ya bomba inazunguka, kopo linalala juu yake. Mafundi wa kuchomelea wa Mwanga, hapa Kigoma, wamezoea kazi za mageti, kwa hiyo mchoro uwe na vipimo vyote, hasa unyoofu wa mitungi. Mtungi ukiwa umepinda milimita 2 tu, kopo linatembea pembeni na kuanguka.

Vipimo vyetu ni hivi. Mitungi ya kipenyo cha sentimita 4 ikiwa imeshavalishwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ikikaa kwenye beringi namba 6202. Mota ya fezi moja, nusu hosipawa, mizunguko 1,440 kwa dakika. Puli ya mota sentimita 5, puli ya mtungi sentimita 25. Mtungi unapata mizunguko 288, na kopo lenye kipenyo cha nje cha sentimita 13 linapata kama 88.

Namba 88 haikuokotwa. Kopo likizunguka kasi kupita kiasi, gololi zinashikamana na ukuta na hazianguki tena, kazi inasimama. Kasi hiyo ya kukwama hupatikana kwa kugawanya 42.3 kwa kipeuo cha pili cha tofauti kati ya kipenyo cha ndani cha kopo na kipenyo cha gololi, vyote kwa meta. Kopo la meta 0.12 na gololi za meta 0.01 linatoa mizunguko 127. Kazi nzuri hupatikana asilimia 65 hadi 75 ya hapo, na 88 iko katikati. Mkanda ukiteleza namba inashuka, kwa hiyo bandika utepe mweupe kwenye kopo na uhesabu mwenyewe kwa saa ya ukutani. Usiamini hesabu ya puli peke yake.

Kujaza: kopo lina ujazo wa mililita 1,350 hivi. Gololi zichukue asilimia 45 pamoja na mapengo yake, yaani mililita 610. Kwa gololi za zirikonia (kauri ngumu) za milimita 10 hiyo ni kilo 2.2, takriban gololi 700. Unga ujaze mapengo tu, mililita 240 hivi, na kwa unga mwepesi kama huu ni karibu gramu 98. Ukiweka unga pungufu, gololi zinagongana zenyewe kwa zenyewe na kinachosagika ni gololi. Ukiweka mwingi, unga unakuwa mto na mapigo yanazama ndani yake.

Kuhusu gololi: za beringi kuukuu zinapatikana Kigoma mjini kwa wingi na ni ngumu sana, lakini ni chuma kinachoshika kutu, na zinakuja na grisi. Tulizitumia kujaribia mashine tu. Sabuni ya mawese inatoa grisi vizuri, ila inaacha utando, na utando huo ukikutana na asidi ya kupimia unageuka mafuta yanayoelea. Suuza mara ya mwisho kwa ethanoli.

Oktoba mwishoni. Kundi A, dawa peke yake

Gramu 98 za prazikwanteli, kopo la chuma kisichoshika kutu, gololi za zirikonia. Baada ya saa 4 unga wote ulipita chekecheo la mikromita 63. Chekecheo haliwezi kusema zaidi ya hapo, kwa hiyo kuanzia hapo kazi ni ya hadubini yenye mistari ya vipimo kwenye lenzi ya jicho. Chembe nyingi zilikuwa chini ya mikromita 10, zikiwa zimeng'ang'aniana kwenye mabonge.

Matatizo matatu yalijitokeza, na kila moja lina sababu yake.

La kwanza, unga kujipaka ukutani. Kufikia saa ya 6 kopo lina gamba jeupe gumu upande mzima, na unga ulio ndani ya gamba hausagwi tena. Sababu ni joto pamoja na umeme tuli. Amofasi ya prazikwanteli, yaani dawa iliyopoteza mpangilio wa fuwele, hulegea karibu na joto la mwili, na kopo lililofungwa kwenye chumba cha nyuzi 29 kikiwa na mota pembeni linafika huko. Uso wa chembe unalainika, zinagandana. Dawa yake: dakika 20 za kusaga, dakika 10 za kupumzika, feni ikipuliza kopo moja kwa moja, kisha kila baada ya saa 2 fungua, kwangua kwa mwiko wa plastiki, rudisha. Nusu gramu ya silika laini ya koloidi kwa gramu 98 inapunguza kugandana, ila iandikwe kwenye lebo, maana inasaidia pia maji kuulowesha unga.

La pili, rangi. Unga ulitoka na kijivu hafifu. Zirikonia ni ngumu kuliko ukuta wa kopo, kwa hiyo inaukwangua. Kuthibitisha: koroga gramu 1 ya unga kwenye asidi ya haidrokloriki, chuja, ongeza tone la peroksidi ya hidrojeni, kisha tone la potasiamu thayosayaneti. Wekundu ukitokea ni chuma. Ulitokea. Tangu hapo tunatumia kopo la plastiki nene nyeupe lenye ukuta wa milimita 5. Plastiki nayo inakwanguka, lakini nyuzi zake zinaonekana kwenye hadubini na haziguswi na maji. Kwenye plastiki laini gololi huteleza badala ya kupanda, kwa hiyo tumebandika vipande vitatu vya kunyanyulia, kila kimoja milimita 8 kwa urefu wote wa kopo. Sikio linatosha kujua: gololi zinazoteleza zinatoa mkwaruzo wa mfululizo, zinazoanguka vizuri zinasikika kama mvua kwenye bati.

La tatu ndilo lililotuchelewesha, na linawapata wengi. Unga laini uliwekwa kwenye maji ukaelea. Prazikwanteli haipendi maji. Ikisagwa peke yake inabeba hewa katikati ya chembe na kukaa juu kama vumbi. Eneo la uso limeongezeka mara kumi kwenye karatasi, lakini maji hayaligusi. Katika dakika 5 za kwanza kundi A liliyeyuka polepole kuliko unga usiosagwa, ambao angalau unazama. Mwenye kupima bila kutazama ndani ya chupa angeandika kwamba kusaga hakusaidii. Tone chache za kilowesho zilibadilisha hali hiyo mara moja.

Kuna jambo jingine la kuliangalia katika kusaga prazikwanteli kavu. Mwaka 2018 watafiti wa Italia walieleza fuwele ya aina ya pili iliyopatikana kwa kusaga tu, bila kiyeyushi. Inayeyuka kwa joto karibu nyuzi 112 badala ya 140, na kiwango chake majini ni kama mara mbili ya ile ya kawaida. Vinu vyao vina nguvu kubwa kuliko hiki chetu. Hata hivyo kila kundi tunalipima kiwango myeyuko baada ya kusaga, na kama kungekuwa na mmeyuko mdogo karibu na 112 tungeuona. Katika kundi A hatukuuona.

Novemba. Namna ya kupima, na maji ya kupimia

Tumetumia masaa mengi hapa kuliko kwenye kinu, na ni haki.

Kiwango cha kushiba: weka unga wa ziada kwenye chupa ya maji, nyuzi 37, tikisa saa 24, acha utulie, chuja, soma. Kasi: mililita 900 za maji ya kupimia katika nyuzi 37, kasia likizunguka mara 50 kwa dakika, sentimita 2.5 kutoka chini. Chota mililita 5 katika dakika ya 5, 10, 15, 30, 45 na 60, na kila ukichota rudisha mililita 5 zenye joto lile lile.

Kwa vidonge, kipimo rasmi cha Marekani kinataka asidi ya haidrokloriki 0.1 N yenye miligramu 2 za sodiamu lauri salfeti kwa mililita, na angalau asilimia 75 iyeyuke ndani ya dakika 60. Sababu ya kilowesho ni hesabu ya darasa la sita: miligramu 600 katika mililita 900 ni 0.67, na maji matupu yanashiba kwenye 0.4. Kipimo hicho kinafaa kulinganisha vidonge. Kwa kazi yetu kinaficha kile tunachokitafuta, maana lauri salfeti inainua kila kitu. Tunatumia maji matupu kwa maswali ya kiwango, na kipimo rasmi kwa kasi tu.

Maji ya bomba hapa yanatoka ziwani, na maji ya Tanganyika yana pH karibu 9 pamoja na bikaboneti nyingi. Prazikwanteli haina chaji kwa hiyo pH haiisumbui, lakini ukichanganya bafa (mmumunyo wa kushikilia pH) kwa maji hayo pH haitakaa ulipoiweka. Tumia yaliyotoneshwa. Na ukitumia lauri salfeti, bafa iwe ya sodiamu: fosfati ya potasiamu inaikamata na kuangusha weupe chini ya chupa, hasa maji yakipoa wakati wa kuchuja. Chemsha maji kwanza na uyaache yapoe yakiwa yamefunikwa, vinginevyo vipovu vya hewa vinabeba unga juu.

Kusoma ni kwenye spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaonyonywa, mawimbi ya nanomita 264. Unyonyaji wa prazikwanteli ni hafifu, jambo ambalo kwa mara moja linatufaa: mmumunyo ulioshiba unasomeka bila kuzimuliwa. Kuveti, yaani kichupa cha kusomea, iwe ya kwatzi. Ya kioo cha kawaida au plastiki inazuia mwanga huo na utasoma upuuzi. Povidoni nayo inanyonya kidogo, kwa hiyo sampuli tupu iwe na povidoni kiasi kile kile.

Kichujio ndicho kinachodanganya zaidi. Chembe za mikromita 0.3 zinapita kwenye kichujio cha 0.45, zinatawanya mwanga ndani ya kuveti, na mashine inakuambia kiwango kimepanda. Tunafanya hivi: kila sampuli isomwe pia kwenye nanomita 340, mahali ambapo prazikwanteli hainyonyi kitu. Kama hapo namba si sifuri, kuna chembe ndani. Chuja upya kwa 0.2, au zungusha kwenye sentrifyuji, kisha soma tena. Mililita 5 za kwanza za kila kichujio zimwagwe, kwa sababu utando wa nailoni unanyonya dawa hadi ushibe.

Novemba hadi Desemba. Kundi B, kusaga pamoja na povidoni

Hapa ndipo jibu la mradi lilipo. Povidoni K30 ni polima isiyo na fuwele, na inalegea juu ya nyuzi 160 ikiwa kavu. Ukiisaga pamoja na prazikwanteli, mapigo yanavunja fuwele na molekuli zilizotawanyika zinakwama ndani ya polima kabla hazijajipanga upya. Hesabu ya Gordon na Taylor kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu inatoa joto la kulegea karibu nyuzi 90. Kopo la nyuzi 38 halifiki hapo, na gamba la ukutani likapungua sana.

Taratibu: povidoni ikaushwe nyuzi 80 kwa saa 3 na ipoe ndani ya chombo chenye silika jeli. Pima gramu 49 za kila kimoja, changanya kwa mkono kwenye mfuko, chota gramu 5 na kuziweka kando kama mchanganyiko usiosagwa. Hizo gramu 5 ni muhimu. Povidoni yenyewe, hata bila kinu, inasaidia kulowesha na kuinua kiwango kidogo. Bila ulinganisho huo utaipa kinu sifa isiyo yake.

Kinu cha kuviringisha kina nguvu ndogo. Wenye vinu vya kutikisa wanavunja fuwele kwa dakika au saa chache. Sisi tunahesabu kwa makumi ya saa. Kila baada ya saa 5 tunachota ncha ya kijiko na kuitazama.

Mashine ya eksirei hatuna, na kwa kuchungulia si lazima. Fuwele zina tabia ya kugeuza mwanga uliopangwa, amofasi haina. Chukua kikokotoo kibovu, bandua utando wa mbele wa kioo chake (wa nyuma una tabaka linaloakisi, haufai), kata vipande viwili. Kimoja juu ya taa ya hadubini, kingine juu ya lenzi, zungusha hadi uwanja uwe mweusi. Tandaza unga kwenye tone la mafuta ya parafini, funika kwa kipande chembamba cha kioo, tazama. Fuwele zinang'aa kama cheche nyeupe kwenye giza. Saa ya 5 uwanja umejaa cheche. Saa ya 20 zimebaki za kuhesabika. Uwanja ukiwa mweusi kabisa, kundi limefika. Njia hii haioni fuwele ndogo chini ya mikromita 1 au 2, kwa hiyo weusi ni dalili nzuri, si hukumu.

Majini kundi B lilizama, likavimba kidogo, likatoweka. Ndani ya dakika 10 kiwango kilipita kile cha kushiba cha dawa ya kawaida, kisha kikaanza kushuka kabla ya saa moja: maji yaliyoshiba kupita kiasi yanaangusha fuwele upya. Uwiano wa sehemu 1 ya dawa kwa 2 za povidoni ulishikilia juu muda mrefu zaidi. Bei yake ni ujazo: miligramu 600 za dawa zinakuwa gramu 1.8 za unga, na kidonge cha namna hiyo hakimezeki. Kwa prazikwanteli, ambayo dozi yake ni kubwa tayari, hatuoni faida ya kuvuka nusu kwa nusu.

Manitoli na laktosi tulizijaribu kwa uwiano ule ule. Zinazuia mabonge, zinasaidia kulowesha, kasi inapanda vizuri. Kiwango hakigusiki. Ukumbuke kwamba zenyewe ni fuwele, kwa hiyo utando wa kikokotoo hauwezi kukuambia lolote juu yake.

Kuna tatizo ambalo kinu kinaliongeza: uchungu. Prazikwanteli ni chungu, na kinachoonjwa ni kile kilichoyeyuka mdomoni. Unga unaoyeyuka haraka ni mchungu haraka. Kwa mtoto anayepondewa kidonge, hilo si jambo la pembeni.

Januari. Mvua

Chumba cha maabara sasa kina unyevu wa juu tangu asubuhi. Povidoni hunywa maji ya hewani, na maji ndani ya polima yanailegeza. Kwa hesabu ile ile ya Gordon na Taylor, unyevu wa asilimia 5 unashusha joto la kulegea kutoka 90 hadi karibu 60; asilimia 10 unalileta karibu nyuzi 30, yaani joto la chumba. Hapo molekuli zinaanza kutembea na fuwele zinarudi.

Jaribio la kuhifadhi: chupa pana ya kioo yenye mfuniko, chini chumvi iliyoloweshwa ikawa tope, juu yake kikombe cha unga kikiwa wazi. Tope la chumvi ya kawaida hushikilia unyevu wa hewa kwenye asilimia 75. Chumvi ya Uvinza inatosha kwa kuchungulia. Kwa kipimo cha kuandikwa tumia sodiamu kloraidi safi ya maabara, kwa kuwa chumvi za magnesiamu zilizochanganyika hushusha unyevu huo. Chupa ya pili ina silika jeli.

Kwenye chupa yenye tope, kundi B liligeuka kwanza keki, kisha cheche zikaonekana chini ya hadubini, na kasi yake majini ikarudi karibu na ya mchanganyiko usiosagwa. Kwenye silika jeli uwanja umebaki mweusi. Fungasho la mfuko wa plastiki wa kawaida halitoshi. Tunatumia chupa za kioo zenye mpira, silika jeli ndani, na kila chupa inafunguliwa mara moja tu. Kusaga kwenyewe tumekuhamishia mchana wakati kuna jua, na mdomo wa kopo unazungushiwa utepe.

Februari. Kusaga ndani ya maji

Njia ya majini inatoa chembe ndogo kuliko ya kavu kwa sababu maji yanabeba joto na kilinzi kinazuia chembe zisirudiane. Tulianza na gramu 10 za prazikwanteli, mililita 100 za maji, gramu 2 za haipromelosi kama kilinzi, gramu 0.1 za lauri salfeti, na shanga za zirikonia za milimita 1.

Kwa dawa hii hatuoni sababu ya kuendelea. Miligramu 0.4 kwa mililita ni kidogo kwa mgonjwa, lakini ni nyingi kwa chembe ndogo sana: ndogo zinayeyuka, kubwa zinakua kwa gharama yake, na unga uliokaa siku mbili kwenye chupa una sindano ndefu kuliko tulizoanza nazo. Kuongeza lauri salfeti kunaharakisha jambo hilo hilo. Povu nalo linakula mapigo. Likijaa kopo, shanga zinaelea bila kugongana. Umeme ukikatika shanga na unga vinatulia chini pamoja na kuganda, kwa hiyo kopo lizungushwe kwa mkono kabla ya kuwasha tena, la sivyo mkanda unaruka.

Albendazoli inafaa zaidi kwa njia hii. Kiwango chake kwenye maji yasiyo na asidi ni kidogo mno, hivyo chembe ndogo hazipati nafasi ya kulishana. Ila albendazoli ni besi dhaifu na huyeyuka zaidi kwenye asidi, kwa hiyo pH ambayo kwa prazikwanteli tuliipuuza sasa inashika usukani: bafa ya 6.8 na asidi ya tumboni zitapimwa sambamba. Kuitoa kwenye vidonge kwa ethanoli hakuwezekani, haiyeyuki humo vya kutosha, kwa hiyo tunasubiri unga safi. Wakati huo huo mitungi inavalishwa mpira mpya na kopo la pili linatobolewa tundu la kipimajoto.